Viganja Viwili vya Mashudu

Karatasi aliyotuachia yule mzungu ilikuwa na safu nne, kila mbwa na safu yake, yote kwa Kiingereza cha kupigwa mashine. Baba aliikunjua mezani, akailainisha kwa kiganja mara mbili, kisha akanisukumia.

"Soma, mama. Wewe ndiye uko sekondari."

Nikasoma. Yaani nilisoma kimoyomoyo, kwa sababu kusoma kwa sauti mbele ya watu kunanifanya nisikie masikio yanawaka, hata watu wenyewe wakiwa ni baba, mama na bibi tu. Wakasubiri. Bibi akauliza kama karatasi inasema tumefiwa.

"Inasema wasile chakula kimoja," nikasema.

"Nani?"

"Mbwa."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaacha. "Hebu rudia."

Sikurudia. Niliandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari, nikaibandika kwa ugali jikoni, nyuma ya mlango. Ndiyo tabia yangu. Jambo la kusema mimi huliandika, halafu nasubiri watu walisome, halafu nakasirika kwa sababu hawakulisoma. Haya ninayoandika sasa nayatoa kwenye daftari langu la mwaka jana, ambalo nusu yake ni hasira na nusu ni chakula cha mbwa.

Nieleze mbwa walitokea wapi. Baba alikuwa mpima pamba kiwandani tangu kabla sijazaliwa. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao na malori yao, kiwanda cha zamani kikaanza kupunguza watu, na baba alikuwa kwenye kundi la kwanza. Akapata kazi ya bustani kwa mzungu mmoja wa mradi, nyumba ya kwenye mawe juu ya ziwa. Mradi nao ukaisha. Mzungu akaondoka, mbwa wake wanne wakaletwa kwetu Mkolani nyuma ya pikapu, vichwa nje, ndimi nje, watoto wa mtaa mzima wakikimbia nyuma kwa kelele kana kwamba amekuja kiongozi.

Hatukuwapokea kwa mapenzi. Kulikuwa na ahadi. Tajiri mmoja alikuwa anajenga kiwanda cha kukata minofu ya sangara ufukweni, na kitakapoisha, baada ya masika, angewachukua mbwa wote wanne kwa ulinzi, na baba angekwenda nao kama mwangalizi wao. Kazi ya kuandikwa, yenye barua. Alitaka jozi mbili, jozi ya getini na jozi ya upande wa ziwa. Alimwambia baba hivi: "Mbwa mmoja ni kengele tu, mzee. Wawili ndiyo ulinzi." Sharti lake lilikuwa moja, awakute wazima, wenye nguvu, wote wanne.

Kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa ndani ya matumbo ya mbwa, na matumbo ya mbwa yalikuwa ndani ya karatasi ile, na karatasi nilikuwa naielewa mimi peke yangu.

Majina yao ya kizungu yalitushinda siku ya pili. Yule mzee, mwenye mdomo mweupe na meno yaliyoisha, bibi alimwita Mstaafu. Mama alimkanyaga bibi mguu chini ya meza, lakini jina lilikuwa limeshatoka, na baba alikuwa amelisikia. Mstaafu alitakiwa kula vitu laini, chumvi hapana kabisa, mifupa hapana, nyama kidogo kwa sababu ya figo.

Wa pili Bonge. Ukimwona tu unajua kwa nini. Yeye alitakiwa apewe nusu, bila mafuta, hata akilia.

Wa tatu Malkia, jike. Huyu ndiye aliyenitoa machozi ya kwanza, kwa sababu karatasi ilisema Malkia asile samaki. Akila samaki anajikuna mpaka ngozi inatoka damu. Naomba mfikirie. Tuko Mwanza. Chakula cha bure kwa mbwa ni mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, kichwa na mgongo baada ya minofu kukatwa. Chakula cha bei nafuu ni dagaa. Hata kuku wetu wananuka samaki. Na mimi nimeletewa mbwa asiyekula samaki.

"Arudi kwao akale nyasi," mama alisema.

Wa nne Ngongoti. Mrefu kuliko wote, kijana, mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara. Safu yake ilikuwa fupi: protini nyingi, kila siku, mpaka mbavu zisionekane. Alikuwa na tabia ya kukuegemea. Ukisimama, anakuja taratibu, anakulalia mguuni kwa uzito wake wote kama mtu anayengoja basi. Mimi sina marafiki wengi wa kuniegemea. Nilimpenda tangu siku ya pikapu, na sitajifanya sikumpenda.

Basi nikaanza. Niliamka mapema kabla ya shule, nikawasha jiko la mkaa. Sufuria ya kwanza, mchele wa chenga uliopondeka, pamoja na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyolowekwa usiku kucha ikalainika, ya Mstaafu. Ya pili, mapanki, nachemsha mpaka mgongo unaachia, natoa miiba yote kwa vidole, ya Bonge kidogo na ya Ngongoti nyingi. Ya tatu, utumbo wa ng'ombe kutoka machinjioni kwa ajili ya Malkia, siku ukipatikana, na siku usipopatikana ni maharage. Sahani zao zilikuwa karai lililotoboka, sufuria isiyo na mshikio, na madumu mawili yaliyokatwa. Niliwafunga mbali mbali: mmoja kwenye mti wa mwarobaini, mmoja nguzo ya kamba ya nguo, mmoja karibu na choo, mmoja kwenye jiwe kubwa la nyuma.

Hapo utasema kazi imekwisha. Haikwisha hata siku moja.

Mstaafu anakula polepole kama anasoma. Bonge anamaliza kabla sijainuka, anaanza kulia, na kilio chake kina namna ya kumfanya mtu ajione mkatili. Jirani yetu, mama mmoja anayeuza mandazi, akimsikia anarusha andazi juu ya ukuta. Nikamwandikia kibao. Alikisoma, akacheka, akarusha mawili.

Mama alianza kuchagua vichwa vya mapanki vyenye nyama kwa ajili ya mchuzi wetu, vilivyobaki ndiyo vya mbwa. Sikuweza kumlaumu, mchuzi ulikuwa mtamu. Kisha sufuria ile ile iliyochemsha mapanki ikachemsha maharage ya Malkia, kwa sababu mama alisema hawezi kuosha vyombo vya mbwa mara tatu. Malkia akajikuna wiki nzima.

"Mama, sufuria ilikuwa na samaki," nilisema. Nilisema polepole sana.

"Nini?"

"Hamna kitu."

Baba naye, aliyekuwa na kazi yake humo ndani ya matumbo, alikuwa mbaya kuliko wote. Aliamini mbwa wa ulinzi lazima ale pilipili ili awe mkali. Nilimkuta anakanda pilipili kichaa kwenye wali wa Mstaafu. Yule mzee wa watu! Alikuwa ameshakula nusu, anapiga chafya, macho yanatoka machozi, anakula tena kwa adabu.

"Baba, karatasi…"

"Karatasi imeandikwa na mtu mwenye askari wa zamu, mama. Hawa wanakwenda kazini."

Na bibi? Bibi aliwapa wote chumvi, kidole kimoja kimoja, kwa mkono wake, kila jioni, kwa sababu ng'ombe hupenda chumvi na mnyama ni mnyama. Bibi alikuwa na ng'ombe wake mmoja wa maziwa zizini, ambaye alikuwa anamheshimu kuliko watu wengi.

Daftari langu la siku zile linasema hivi: *Jumanne. Bonge kaibiwa. Hapana, Bonge kaiba. Malkia anajikuna. Mstaafu katapika (pilipili). Ngongoti kala vyote, mbavu bado. Sitaki tena.* Na Jumatano linasema: *Sitaki tena.* Alhamisi hakuna maneno, kuna doa la mafuta.

Mbavu za Ngongoti ndizo zilizokuwa zinaninyima raha. Hao wengine walikuwa wanasogea, kwa shida lakini wanasogea. Bonge alianza kupata kiuno. Ngongoti alikula kuliko wote na alibaki ngazi vile vile. Masika yalikuwa yanakaribia. Jozi mbili, mbwa wanne. Watatu hawakuwa hesabu ya tajiri.

Sasa nifike penye kosa, na niliandike bila kulizungusha.

Shuleni tulikuwa na somo la kilimo. Kitabu tulikuwa tunatumia wengi kwa kimoja, na siku ya zamu yangu nilikaa nacho nyumbani nikasoma sura ya vyakula vya mifugo. Kulikuwa na jedwali. Pumba, protini kidogo. Majani, kidogo. Mashudu ya pamba, nyingi, namba kubwa kuliko zote kwenye ukurasa. Nilisoma mstari ule mara nyingi sana. Mashudu! Mabaki ya mbegu ya pamba ikishakamuliwa mafuta, chakula kinachonukia karanga, na stoo yetu ilikuwa na gunia zima, la ng'ombe wa bibi. Ng'ombe wa bibi alikuwa anang'aa.

Niliona aibu kwamba nilikuwa nahangaika na machinjio wakati protini ilikuwa imekaa nyumbani inaliwa na panya.

Nilitaka kumuuliza mwalimu wa kilimo kwanza. Nasema kweli. Niliandika swali kwenye karatasi ndogo, "Je, mbwa anaweza kula mashudu?" nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Walikuwa wanakunywa chai. Mwalimu akageuka, "Enhe, una shida gani?" Walimu wote wakageuka naye. Ilikuwa ni kusema maneno matano.

"Madaftari," nikasema. "Nimekuja kuchukua madaftari."

"Yako mezani, chukua."

Nikabeba madaftari ya darasa zima ambayo hayakuwa yamesahihishwa, na wenzangu wakanilaumu.

Jioni ile nilichota viganja viwili vya mashudu, nikavichanganya na supu ya mapanki, nikampelekea Ngongoti kwenye jiwe la nyuma. Alikula mpaka dumu likawa linasogea chini kwa kulambwa. Sikumwambia bibi, maana ni kama kumwibia ng'ombe wake. Sikuyaandika hata kwenye karatasi ya mlangoni. Hilo nalo niliseme: kila kitu nilikiandika mlangoni, isipokuwa kile.

Mvua zikaanza. Kila siku viganja viwili. Bibi akaanza kulalamika gunia linashuka, akasema ni mbuzi za jirani, mama wa mandazi, na hao wawili hawakusalimiana kwa siku nne. Mimi kimya.

Na Ngongoti akaanza kunenepa.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ile furaha. Tumbo lake lilianza kujaa, likawa la mviringo, likaning'inia. Baba alisimama nyuma ya nyumba akiwa na mikono kiunoni, akamtazama kutoka kila upande kama anamnunua mnadani.

"Mnamwona? Mnamwona huyu? Kumbe karatasi inafanya kazi!"

"Mtoto wangu msomi," mama akasema, na mama hasemi maneno kama hayo. Siku hiyo nilipewa kipande cha samaki cha katikati.

Niliona kwamba mbavu bado zilikuwa zinaonekana. Juu mifupa, chini tumbo. Niliona, na nikajiambia kwamba unene unaanzia chini, kama maji kwenye debe. Unaona mtu anavyoweza kujidanganya kwa mfano mzuri.

Halafu akaacha kuja kuniegemea. Alikuwa anasimama mbali, kichwa chini, anahema. Siku ya mawingu, ya baridi, anahema kama amekimbia kutoka Kigongo. Usiku ananyoosha shingo, halali. Baba akaogopa. Ilikuwa imebaki kama wiki tatu tajiri aje. Akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuja na baiskeli na kofia ya plastiki. Aliegemeza baiskeli nje ya ukuta, na hapo hapo akabaki.

"Mbwa wenyewe ni hao?"

"Karibu ndani, mtaalamu," baba akasema.

"Hapana, hapa naona vizuri. Mzee wangu, nisikufiche, mimi ni mtu wa ng'ombe. Mbwa nawachanja kichaa, basi, na hata hiyo nashikiwa." Alinyoosha shingo juu ya ukuta. "Tumbo kubwa, mbavu nje. Minyoo hiyo. Anakula nini?"

Baba akamtajia: mapanki, ugali wa dona, supu. Akageuka kunitazama. "Kuna kingine, mama?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Masikio yaliwaka. Bibi alikuwa palepale, amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga, na gunia lilikuwa lake, na ugomvi na jirani ulikuwa umetokana na mimi.

"Hamna," nikasema.

Bwana mifugo akatupitishia dawa ya minyoo juu ya ukuta, akaondoka. Ngongoti akapewa dawa. Na kwa sababu alikuwa mgonjwa, na mgonjwa anahitaji nguvu, nikamwongezea mashudu. Kutoka viganja viwili nikaenda vitatu. Daftari linasema: *Kala vyote. Nashukuru anakula.*

Ilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko. Mwalimu wa kilimo aliandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha akageuka kueleza kwa Kiswahili kama kawaida yetu, kwamba mifugo haifanani. "Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne. Anaweza kula vitu ambavyo wewe vikikuingia tunakuzika. Chukua mashudu ya pamba. Mbegu ya pamba ina sumu yake. Ng'ombe mzima inapita, tumbo lake linaimudu. Nguruwe, kuku, hapana. Inamshika moyo, anajaa maji…"

Mkono wangu ulikuwa juu. Sikuupandisha mimi, ulikuwa juu tu. Tangu kidato cha kwanza sikuwahi kuuliza swali darasani. Mwalimu mwenyewe alishangaa.

"Ndiyo?"

"Na mbwa?"

Darasa likacheka. Nyuma mtu akasema, "Mama Mbwa kaamka!" kwa sababu hilo ndilo walikuwa wananiita tangu nianze kunuka mapanki.

"Mbwa?" mwalimu akasema. Hakucheka. "Mbwa ndiyo kabisa. Kwa nini, mnampa?"

Nilitoka bila ruhusa. Nilipita getini nikiwa na kalamu mkononi, nikatembea, nikakimbia, nikatembea, njia nzima matope. Na njia nzima nilikuwa nakasirika, mkisikia majuto msidhani ni majuto matupu. Nilikasirikia kitabu ambacho jedwali lake halikusema ng'ombe tu. Nilimkasirikia bwana mifugo wa juu ya ukuta. Nilimkasirikia mzungu aliyeandika protini na hakuandika protini ya nini. Wa mwisho nilijikasirikia mimi, kwa yale maneno matano mlangoni kwa walimu.

Baba alikuwa amechuchumaa karibu na Ngongoti, anampangusia mdomo na kitambaa. Nilisimama. Niliingia jikoni, nikabandua karatasi kutoka nyuma ya mlango, nikaandika kwenye safu ya nne, mstari wa chini, nikampelekea.

Baba husoma polepole, anasogeza midomo.

"Mashudu," akasema. "Viganja viwili, kisha vitatu. Kila siku." Akanyanyua macho. "Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na yana nini?"

"Mwalimu anasema yana sumu. Kwa mbwa. Hilo tumbo ni maji."

Niliandaa mgongo wangu. Hakunipiga. Alikwenda stoo, nikamsikia anafungua gunia, halafu akatoka na mashudu mkononi, anayanusa. "Pamba nimeipima maisha yangu yote," akasema. "Nimelala juu ya marobota yake. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia mbegu yake ina kitu ndani."

Bibi akasema kutoka kwenye kigoda, "Ng'ombe wangu anakula kila siku, na yuko palepale." Kisha akanitazama. "Kwa hiyo siyo mbuzi za jirani."

"Siyo, bibi."

"Utakwenda kumwambia wewe."

Nilikwenda. Mama wa mandazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na Bonge naye anakula sumu, maana amekonda. Nikamwambia Bonge amekonda kwa sababu nampunguzia. Akasema hiyo nayo ni sumu.

Ngongoti hakufa. Kila asubuhi nilitoka nikitegemea kumkuta amekauka, na kila asubuhi alikuwa ananyanyua kichwa. Nilimpa wali, supu ya samaki bila miiba, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Tumbo lilishuka taratibu. Lakini pumzi haikurudi. Alikuwa anatembea kutoka jiwe mpaka mwarobaini, halafu anakaa njiani, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Tajiri alikuja na gari lake, viatu vyake vikiwa safi, matope yote ya Mkolani yamemkosa sijui kwa nini. Baba alikuwa amevaa koti la siku ya barua ya kupunguzwa. Mbwa wote walikuwa wameoshwa. Malkia alikuwa ameota manyoya upya, Bonge hakuwa Bonge tena, hata Mstaafu alikuwa anang'aa. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, naona kila kitu.

Aliwatembeza mmoja mmoja. Akamwita Ngongoti. Ngongoti, kwa heshima zake, akaja. Alifika katikati ya uwanja, akakaa.

"Huyu vipi?"

"Aliumwa kidogo, bosi. Anapona," baba akasema.

Tajiri akamngoja. Sote tulimngoja. Mimi nilikuwa nasema inuka, inuka, inuka, bila sauti. Hakuinuka.

"Nilitaka jozi mbili, mzee. Hapa nina jozi moja." Akamwonyesha Mstaafu kwa kidole. "Na huyu babu peke yake hana kazi. Nitachukua hawa wawili. Sasa wawili, walinzi wangu watawamudu wenyewe, hakuna haja ya mwangalizi. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Malkia na Bonge wakapandishwa nyuma ya gari. Nilitoka mbio na karatasi ya mlangoni, nikampa dereva. "Huyu asile samaki," nilisema, kwa sauti ya kusikika. Dereva akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Dada, tunakwenda kiwanda cha samaki," akasema, na akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati. Sijui kama aliisoma.

Gari lilipokata kona, baba alivua koti, akalikunja vizuri, akakaa kwenye ngazi. Mstaafu akaja akalala miguuni pake. Ngongoti bado alikuwa katikati ya uwanja. Bibi akawatazama wote watatu.

"Basi wastaafu wote wamebaki nyumbani."

Mama alishika mdomo. Baba alimwangalia bibi, akamwangalia Mstaafu, halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Sijui kama kile kilikuwa kicheko, lakini kilianza kama kicheko. Msimu wa pamba ulipofika alikwenda kwa wanunuzi binafsi kama kibarua wa mizani, akawa anaondoka alfajiri na kurudi ananuka pamba kama zamani, ila bila barua.

Hakuniambia kitu. Ningependa angeniambia.

Nilibaki na mbwa wawili ambao hakuna mtu anayewahitaji. Wali wa chenga na michembe kwa mmoja, wali na supu kwa mwingine, na bado hiyo ni sufuria mbili, na bado mama anasema hapa si hoteli. Pilipili imekoma. Chumvi haijakoma, nimeacha kuhangaika nayo, nampa Mstaafu maji mengi.

Juma lililopita nilirudi mapema kutoka shule. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikamkuta bibi ameinama kwenye jiwe, mkono mmoja kiunoni, na mwingine umefumbuliwa mbele ya pua ya Ngongoti. Mkononi kulikuwa na mashudu. Kidogo, ncha za vidole. Ngongoti alikuwa anatikisa mkia kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Kidogo tu," bibi akasema, hajanigeukia. "Anayapenda, maskini. Kila siku ananifuata stoo."

"Bibi, acha!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kubwa, ikagonga ukuta, ng'ombe akanyanyua kichwa, ng'ambo ya ukuta mama wa mandazi akanyamaza na mteja wake. Mama alitokea mlangoni na mwiko, tayari kuuliza nani anamfokea mama yake mzazi.

Bibi alijinyoosha taratibu. Akakung'uta vidole, mashudu yakaanguka kwenye ndoo ya ng'ombe, hata punje moja haikubaki mkononi. Akanitazama kutoka juu mpaka viatu vya shule.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa sababu nilikuwa sijamsalimia.

"Marahaba," akasema. "Sauti hiyo, ulikuwa umeiweka wapi siku zote?"